Nani Humzuia Mwenye Rungu?

Hoja: Kinachozuia uovu wa binadamu ni mamlaka na mipaka, si wema wa moyo wake.

ASKARI MSTAAFU: Naunga mkono hoja, na shahidi wangu ni Jumapili ya tarehe 1 Agosti 1982. Alfajiri ile askari wa Jeshi la Anga la Kenya waliteka kituo cha redio ya taifa jijini Nairobi wakatangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Jaribio lilizimwa siku hiyo hiyo. Lakini katika saa chache ambazo watu waliamini hakuna serikali, maduka ya katikati ya jiji yalivunjwa, mali ikabebwa mchana kweupe, nyumba za Wahindi zikavamiwa, wanawake wakabakwa. Wengi wa waporaji walikuwa wakazi wa jiji lile lile. Jumamosi walipita mbele ya maduka hayo kistaarabu kabisa, Jumapili wakayabomoa. Moyo wa mtu haubadiliki kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni kwamba hapakuwa tena na wa kuwauliza. Paka akiondoka, panya hutawala.

MWALIMU WA HISTORIA: Afande, shahidi wako anakugeuka. Nani aliyeanzisha vurugu za siku ile? Watu wenye sare, wenye bunduki walizokabidhiwa na serikali. Twende mbele miaka 25, kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, huko huko Kenya. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati yake vilitokana na risasi. Kijana wa Kibera au Kisumu alikuwa na jiwe, pengine panga. Bunduki ilikuwa mikononi mwa nani? Zaidi ya theluthi moja ya marehemu waliuawa kwa silaha ambayo, kwa sehemu kubwa, ilishikwa na waliolipwa kuwalinda. Wewe unamlilia paka aliyeondoka. Mimi nauliza habari za paka anayekula vifaranga.

ASKARI MSTAAFU: Na wale waliobaki, karibu theluthi mbili, waliuawa na nani? Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto tarehe 1 Januari 2008 wanawake na watoto wakiwa wamejihifadhi ndani. Halikuchomwa na polisi. Lilichomwa na kundi la vijana walioona kwamba siku hiyo hakuna atakayewazuia. Sijasema askari ni malaika, Mwalimu. Nimesema hivi: mpe binadamu yeyote, mwenye sare au asiye na sare, hasira, kundi la kujificha ndani yake, na uhakika kwamba hataulizwa. Utaona atakachofanya.

MWALIMU WA HISTORIA: Hapo ndipo njia zetu zinapoachana. Wewe unaogopa siku ambayo serikali haipo. Mimi naogopa zaidi siku ambayo ipo, ina nguvu zake zote, na imeamua kuua. Rwanda, Aprili 1994, hakukuwa na upungufu wa mamlaka. Kulikuwa na wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, na viongozi wa ngazi ya chini kabisa waliojua kila nyumba na aliyelala ndani yake. Kulikuwa na kitambulisho kilichoandikwa kabila la mtu, utaratibu ulioachwa na Wabelgiji tangu miaka ya 1930. Kulikuwa na redio ya RTLM iliyochochea mauaji. Kwenye vizuizi vya barabarani mtu alitakiwa kwanza aonyeshe kitambulisho, ndipo apigwe panga. Mauaji yaliitwa kazi, na watu wakaitwa kwenye kazi hiyo kama walivyozoea kuitwa kuchimba mitaro na kusafisha barabara. Wengi wa walioshika panga hawakuwa wakivunja amri, Afande. Walikuwa wakiitii. Katika siku 100 hivi, watu takriban 800,000 waliuawa, wengi wao Watutsi. Kasi ile haikutoka kwenye vurugu. Ilitoka kwenye utaratibu.

ASKARI MSTAAFU: Naijua habari hiyo, kwa sababu kesi zake zilisikilizwa Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa. Basi tuitazame kesi moja. Jean-Paul Akayesu alikuwa mkuu wa wilaya ya Taba, katikati ya Rwanda. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa elimu, kama wewe. Majaji walikubali kwamba katika siku za mwanzo alijaribu kuzuia mauaji kwenye eneo lake, na Taba ilitulia wakati sehemu nyingine zinawaka. Tarehe 18 Aprili viongozi wa serikali ya muda wakakutana na wakuu wa wilaya za mkoa wa Gitarama. Baada ya kikao kile Akayesu aligeuka. Mauaji yakaingia Taba, na wanawake waliokimbilia ofisi yake wakidhani wamefika penye usalama wakabakwa kwenye viwanja vya ofisi ile ile. Sasa niambie: wakazi wa Taba wa tarehe 17 na wa tarehe 20 walikuwa watu tofauti? Majirani walikuwa wale wale, na panga zilikuwa zile zile. Mpaka uliposimamiwa, watu waliishi. Mpaka ulipoondolewa, walikufa. Huo ndio ushahidi wa hoja yangu, tena umeuleta mwenyewe.

MWALIMU WA HISTORIA: Nani aliuondoa huo mpaka? Hukusema. Uliondolewa na wakubwa wake, kutoka juu. Na ukitaka uone vizuri zaidi, nenda Butare, kusini. Mkuu wa mkoa ule, Jean-Baptiste Habyalimana, aligoma. Kwa zaidi ya wiki moja mkoa wake haukufuata mkumbo, na watu wa mikoa mingine wakakimbilia kwake. Serikali ikafanya nini? Ikamvua cheo. Tarehe 19 Aprili Rais wa muda, Théodore Sindikubwabo, akaenda Butare mwenyewe akahutubia, na baada ya hotuba hiyo mauaji makubwa yakaanza. Habyalimana naye aliuawa. Kwa hiyo usinichanganyie mambo mawili kana kwamba ni mapacha. Hoja inasema mamlaka na mipaka. Butare, mipaka ilikuwa ya mtu mmoja aliyekataa, na mamlaka ndiyo iliyoivunja.

MWENYEKITI WA MTAA: Naomba niingie. Nawasikiliza wote wawili, na bado sijui mnanishauri nini mimi niliyechaguliwa na watu wa mtaa mmoja.

MWALIMU WA HISTORIA: Namalizia, Mama Mwenyekiti. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram aliwaweka watu wa kawaida mbele ya mashine, akawaambia wampige mwenzao shoti ya umeme kila anapokosea jibu, wakiongeza nguvu hatua kwa hatua. Umeme haukuwa wa kweli, lakini wao hawakujua. Walimsikia mwenzao akigonga ukuta, kisha akinyamaza. Aliyekuwa akiwahimiza waendelee hakuwa na rungu wala pingu. Alikuwa na koti la maabara na sauti tulivu. Kati ya watu 40, 26 walikwenda mpaka mwisho, volti 450. Hawakuwa wakatili. Wengi walitokwa na jasho, walitetemeka, waliomba waruhusiwe kuacha. Lakini walitii. Hicho ndicho ninachokiogopa: mtu mwema anayesubiri kuambiwa.

ASKARI MSTAAFU: Umelisoma nusu tu, Mwalimu. Milgram alirudia jaribio lile kwa namna nyingi. Katika mojawapo aliwakalisha pembeni ya mhusika wenzake wawili, ambao kwa siri walikuwa upande wake Milgram, nao wakakataa kuendelea mbele ya macho ya mhusika. Safari hii, kati ya 40, waliofika mwisho walikuwa wanne. Kutoka 26 hadi wanne! Kilichoongezeka ni nini? Mpaka. Wawili walichora mstari, na wengi wakasimama kwenye mstari huo. Binadamu akiachwa peke yake na amri hujikuta amefika mbali mno. Akiona mstari umechorwa, hupata pa kusimama.

MWENYEKITI WA MTAA: Hao wawili waliokataa ndio ninaowatafuta mimi kila siku. Sikieni. Saa tisa mchana, karibu na kijiwe cha bodaboda, nilisikia uyowe wa "Mwizi! Mwizi!" Nilipofika nilimkuta kijana yuko chini, shati limechanika, damu inamtoka sikioni. Mmoja ameshavingirisha tairi mpaka miguuni pake. Dereva wa bodaboda amechomoa mpira wa petroli chini ya tangi, anakinga kwenye chupa ya maji ya kunywa. Nikauliza kwa sauti: nani ameibiwa? Kimya. Nikauliza tena: ameiba nini? Mmoja akasema simu, mwingine kuku, wa tatu akasema yeye kakuta wenzake wanapiga, naye akapiga. Umati mzima ule, hapakuwa na mlalamikaji hata mmoja. Nikaona kuongea na kundi ni kupoteza muda, na petroli inazidi kujaa. Nikaanza kuita majina. Baba Neema, hilo tofali la nini? Juma, mama yako anajua uko hapa? Kila niliyemtaja aliangalia chini, mkono ukashuka. Mgambo wakapata nafasi, wakampakia kijana wakampeleka kituoni.

MWALIMU WA HISTORIA: Mama, umenipa hoja bila mimi kuiomba. Ulikwenda huna rungu wala bunduki. Kilichowarudisha watu wale ni aibu, ni utu uliokuwa bado ndani yao. Uliwatoa kwenye kundi ukawarudishia nafsi zao.

ASKARI MSTAAFU: Hana rungu, lakini ana mhuri! Mwalimu, wewe unakaa mtaani, unajua. Barua ya utambulisho ya benki inatoka kwake. Barua ya kumdhamini ndugu yako inatoka kwake. Baba Neema anajua kwamba kesho atabisha hodi kwa huyu mama. Angekuja mpita njia akaita majina yale yale, tofali lingeshuka? Pengine lingemwangukia yeye. Aibu unayoisifu ilikuwa na mtu wa kuihesabia, na mtu huyo ana cheo kinachotambuliwa na sheria.

MWENYEKITI WA MTAA: Ngoja nimalizie ndipo mgawane ushindi. Jioni ile kina mama walinijia nyumbani, na hawakuja kunishukuru. "Umemtetea mwizi," wakaniambia. "Kesho kutwa utamwona anakatiza hapa." Na kweli, haikupita wiki kijana alikuwa nje kwa dhamana. Afande, hilo nawajibuje?

ASKARI MSTAAFU: Uwajibu kwamba dhamana si msamaha. Katiba yetu ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Na uwaulize swali moja: nani alikwenda kituoni kuandikisha maelezo? Polisi hawezi kumshikilia mtu ambaye hana anayemlalamikia. Umati mzima ulitaka kumchoma, na hakuna aliyetaka kusimama mahakamani kusema alichokiona.

MWENYEKITI WA MTAA: Yuko aliyeibiwa simu, nilimpata baadaye. Nilimuuliza kwa nini hakwenda. Akanijibu kwamba mara ya mwisho alipoibiwa alikwenda, akaambiwa atoe hela ya mafuta ya gari ndipo mpelelezi afike. Akatoa. Mpelelezi hakufika. Hapo, Afande, ndipo tairi linapotoka. Halitoki kwenye moyo mbaya peke yake. Linatoka kwa mtu aliyefuata njia halali akaikuta imefungwa.

MWALIMU WA HISTORIA: Ndiyo maana nasema watu wanaweza kujiwekea mipaka bila kusubiri aliye juu. Mwaka 1965 vijana sita wa Tonga, katika Bahari ya Pasifiki, walikwama kwenye kisiwa kisicho na watu kiitwacho ‘Ata. Walikaa huko miezi 15 hivi, mpaka nahodha mmoja wa Australia alipowakuta Septemba 1966. Hawakuwa na polisi wala mzazi. Hawakuchinjana. Mmoja alivunjika mguu, wenzake wakamtibu mpaka mfupa ukaunga. Waliogombana walitenganishwa, kila mmoja akaenda upande wake mpaka hasira ziishe, kisha wakapatanishwa.

ASKARI MSTAAFU: Na waliishi kwa zamu, Mwalimu! Zamu ya kuuchochea moto usizimike, zamu ya shamba, zamu ya ulinzi. Wanaogombana watenganishwe: hiyo ni sheria na adhabu yake. Watoto wale walifanya jambo la kwanza ambalo binadamu wenye akili hufanya wakitaka kubaki hai. Walijifunga kwa mipaka.

MWALIMU WA HISTORIA: Mipaka, ndiyo. Lakini bila bwana. Hata hapa nyumbani tunao mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi walichoshwa na wezi wa ng'ombe na majambazi, dola ikiwa mbali. Wakaunda sungusungu kwa mishale yao, filimbi zao na viongozi waliowachagua wenyewe. Wizi wa mifugo ukashuka katika maeneo mengi. Serikali ilikuja kuwatambua kisheria baadaye, mwaka 1989, baada ya wananchi kuwa wameshaifanya kazi.

ASKARI MSTAAFU: Sungusungu nawajua kwa pande zote mbili. Walirudisha ng'ombe, sikatai. Lakini wako pia waliowachapa watu hadi kufa kwa tuhuma tu, na wako waliowageukia vikongwe wakiwaita wachawi. Nani alikuwa wa kuwaambia basi? Walikuwa wapelelezi, waendesha mashtaka, mahakimu na watekeleza adhabu, vyote kwa mkupuo mmoja. Wema wa nia yao haukuwasaidia.

MWENYEKITI WA MTAA: Na polisi wanapokuwa hivyo hivyo, nani wa kuwaambia basi?

ASKARI MSTAAFU: Swali hilo nitalijibu kwa heshima, kwa sababu linanihusu. Katika miaka ya 1970 mauaji ya vikongwe wa Usukuma, wanaotuhumiwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, yaliishtua nchi. Vyombo vya dola vikaingia Shinyanga na Mwanza kuwasaka wauaji. Lengo lilikuwa jema kuliko yote: kuwalinda bibi zetu. Lakini watuhumiwa waliteswa mahabusu, na baadhi wakafia humo. Mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakuwa amempiga mtu hata kofi. Aliondoka kwa sababu yaliyotendeka yalitendeka chini ya wizara yake. Miaka minane baadaye akawa Rais wa nchi. Kwa hiyo nikisema mamlaka, Mwalimu, namaanisha mamlaka ya namna hiyo, ambayo nayo ina wa kuiuliza.

MWALIMU WA HISTORIA: Hapo umesogea kwangu, Afande, hata kama hutaki kukiri. Ulianza kwa kusema raia anahitaji wa kumzuia. Sasa unasema anayezuia naye anahitaji wa kumzuia. Basi twende mpaka mwisho wa barabara hiyo. Kujiuzulu kwa waziri mmoja tunakusimulia mpaka leo kwa sababu ni nadra. Mtuhumiwa aliyefia mahabusu ana ndugu, na ndugu huyo akienda kuuliza anaulizwa yeye ni nani. Kila mwaka ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zinaandika waliouawa na makundi ya watu, na zinaandika pia wanaoumizwa mikononi mwa vyombo vya dola. Orodha mbili katika kitabu kimoja. Ukisoma ya kwanza ukairuka ya pili, hutetei mipaka. Unatetea nguvu.

ASKARI MSTAAFU: Na ukisoma ya pili ukairuka ya kwanza, unamwachia mwenye tofali uwanja. Mwalimu, nakubali mwenye rungu azuiwe, tena azuiwe zaidi kuliko raia, kwa sababu uovu wake una risiti ya serikali. Lakini sitakubali kwamba binadamu akiachwa huru atajizuia mwenyewe. Akayesu alikuwa mtu wa elimu, na alijua kuwa anachofanya ni uovu, maana wiki moja kabla alikuwa akikizuia. Kujua hakukumtosha. Alichokosa ni mtu juu yake wa kumwambia: ukifanya hivi, utajibu.

MWALIMU WA HISTORIA: Aliyekuwa juu yake alimwambia aue. Habyalimana naye aliambiwa hivyo hivyo na hakuua. Wote wawili walikuwa na cheo, wote wawili walikuwa na wakubwa. Tofauti kati yao hukuieleza, na huwezi kuieleza kwa rungu wala kwa mahakama. Lazima ukubali kwamba kuna mpaka ambao mtu hubeba mwenyewe, na kwamba siku mamlaka inapooza ndio pekee unaobaki. Kazi yangu darasani ni kuwajengea watoto mpaka huo. Kuwafundisha kutii tu ni kumwandalia mtu mbaya jeshi.

ASKARI MSTAAFU: Wafundishe. Lakini usiwaambie kwamba unatosha. Wangapi walikuwa Habyalimana, na wangapi walikuwa Akayesu? Mashujaa ni wachache, na nchi haiwezi kujengwa kwa kuwategemea. Sheria zipo kwa ajili yetu sisi wengine, tusio mashujaa. Na Akayesu alijibu hatimaye. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama ya Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari, mtu wa kwanza duniani kuhukumiwa kwa kosa hilo na mahakama ya kimataifa baada ya kesi kusikilizwa. Akapewa kifungo cha maisha. Mpaka ulichelewa, lakini ulifika.

MWALIMU WA HISTORIA: Ulifika miaka minne baada ya makaburi. Mpaka unaofika baada ya makaburi unatoa haki, na naiheshimu. Kuzuia, haukuzuia.

MWENYEKITI WA MTAA: Hamtakubaliana leo, na mimi siwezi kusubiri mkubaliane, kwa sababu kijiwe cha bodaboda bado kipo na matairi yapo. Afande amenionyesha kwamba watu wangu, ninaowapenda na walionipigia kura, wanaweza kuua kabla ya saa kumi jioni. Mwalimu amenionyesha kwamba ninapowapeleka kituoni huenda ninawakabidhi kwa mtu anayeweza kufanya lile lile nyuma ya mlango. Sitaki kuchagua kati ya hofu hizo mbili, na ninyi mnaotusoma msichague. Ukisikia uyowe wa mwizi, nenda. Uliza nani ameibiwa na ameibiwa nini. Mwite jirani yako kwa jina lake kabla tofali halijatoka mkononi. Mtuhumiwa akipakiwa, mfuate mpaka kituoni, uandikishe maelezo yako, usidai kwamba hukuona. Kisha, kabla ya kuondoka, chukua namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, na jina la askari aliyempokea akiwa hai. Rudi kesho yake uulize kama bado yuko hai.